Kanuni ya Barua Zenye Adabu

Wananchi wa Nchelenge na mwambao wote wa Ziwa Mweru wanatangaziwa kwa fahari kuwa Kamati ya Wauza Samaki imeshinda barua pepe taka. Mimi, Katibu, nathibitisha, kwa kuwa kompyuta ya Kamati iko sebuleni kwangu, karibu na friji.

Kila asubuhi tulikuta wajane wa majenerali wakitafuta mrithi. Kompyuta ikatupa viwango vitatu vya kichujio: legevu, wastani na kali. Tulijadiliana kama watu wanaochagua wavu, bila kuafikiana, mpaka Mwenyekiti wetu, Bwana Sampa, alipokata mzizi wa fitina. Alikumbusha kwamba ufukweni kwetu hakuna anayetaja bei ya samaki kabla ya kusalimia.

"Mutu mwenye hasalimie, hata ku e-mail, njo mwizi," alisema. "Tupa yeye."

Basi nikaiamuru kompyuta: barua isiyoanza na salamu, "mutende" au "jambo", iende moja kwa moja kwenye folda ya taka. Mwenyekiti alitia sahihi kanuni hiyo, akapiga muhuri, akapigiwa makofi. Matokeo yalipendeza. Ofisi ya mkoa, ambayo huanza na "Rejea barua yetu", haikutusumbua tena.

Wakati huo Mama Noëlla, mfanyabiashara kutoka Kongo, alikuwa ameomba kibali cha kuuza barafu soko la Kashikishi. Barafu yote ya pale ni ya Bwana Sampa, jambo lisilohusiana na lolote. Kanuni zetu zinasema ombi lisilokataliwa na Mwenyekiti kwa maandishi hadi mwisho wa mwezi limekubaliwa. Mama Noëlla alikuja kwangu kila siku, na kusema kweli nilimhurumia, maana akiba yake yote ilikuwa imeishia kwenye mashine ya kugandisha barafu.

"Papa Secrétaire, bakikatala, miye na batoto tutarudia ku kambi ya bakimbizi," aliniambia. "Jibu iko wapi?"

Nikamwambia hakuna jibu. Mwezi ukaisha, nikampa kibali.

Bwana Sampa aliporudi kutoka semina ya uongozi kule Mansa, alikuta wavuvi wamejipanga foleni mlangoni kwa Mama Noëlla. Alifika kwangu akitokwa jasho. Alidai ametuma barua za kukataa, tena kadhaa, kwa simu yake. Tukafungua folda ya taka, na kweli zilikuwemo zote: "Katibu. Kataa yule mama. Leo."

"Hakuna salamu, Mheshimiwa," nikasema.

"Mukubwa anasalimiwa. Yeye hasalimie batu."

Ni kweli, ndiyo desturi yetu. Nikamwonyesha kanuni, sahihi yake na muhuri wake. Akaenda zake bila kuaga.

Jana rufaa yake ilifika. Ilinisalimia mimi, mke wangu, wakwe zangu na kuku wangu, kurasa mbili nzima, ndipo ikataja barafu. Kwa kuwa kibali kilichotoka hakirudi, nimeijibu kwa adabu zote: "Mutende mukwai, Bwana Mwenyekiti. Imekataliwa."