Sauti ya Pili ya Wimbo wa Kisima

Jumanne, 11 Machi 1997

Nimefurahi mpaka chai imepoa. Mama Kalunde amekubali kuimba! Jumamosi asubuhi anahamia Mombasa kwa binti yake, na ndiye peke yake aliyebaki anayejua vizuri wimbo wa kisima, ule tuliotunga 1969 kanisa lilipochimba kisima hapa Mukuyuni. Sauti ya kwanza wengi wanaikumbuka. Sauti ya pili ilikuwa ya mke wangu Ndinda. Tangu nimzike, miaka sita sasa, najaribu kuishika kichwani, na kila mara inaniponyoka kwenye ubeti wa tatu. Mama Kalunde alisimama kando yake kwenye kwaya miaka ile yote. Anaijua.

Rafiki yangu Mutie alitaka kumrekodi na ile redio kaseti yake, inayonguruma kama mashine ya kusagia posho. Nimemwambia wakati wa kaseti umekwisha. Ofisi ya kanisa ina kompyuta, na juzi tumeletewa kadi ya sauti ndani ya bahasha, ya kuiwezesha kompyuta kurekodi. Nimeshaifunga mwenyewe. Bisibisi moja tu. Mutie akauliza kama niliifunga kwa imani ama kwa kitabu.

Jumatano, 12 Machi

Aibu. Nilijaribu kurekodi salamu zangu huku printa ikitoa matangazo ya Jumapili. Kusikiliza: "Mimi ni Mu, Mu, Mu, Mu," kama ng'ombe, halafu mkwaruzo, halafu kimya. Printa nayo ikakwama katikati ya tangazo la akina mama.

Nikaenda mpaka Sultan Hamud kwa Hared, fundi wa redio. Alinieleza polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Kila kifaa, alisema, kina namba yake ya kuita kompyuta. Printa inaita kwa saba, na kadi yangu nayo imewekwa saba. Zikiita pamoja, kompyuta haijui iitikie nani, inaziacha zote. Kwenye kadi kuna kifuniko cheusi, kidogo kama punje ya mtama. Nikisogeze kwenye tano, kisha niiambie kompyuta. Na kama mkono unatetemeka, basi: "Mzee, usichapishe ukirekodi. Hiyo tu."

Mkono wangu hautetemeki. Nilimshukuru, akaniagizia chai.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeipata shida, na si namba. Kompyuta na printa ziliwekwa wakfu Desemba, mchungaji akiomba na kanisa zima tumenyoosha mikono. Kadi ilitoka kwenye bahasha ikaingia kazini moja kwa moja. Hata mwimbaji mpya hatumfanyii hivyo! Nikafunga mlango wa ofisi, nikaweka mkono juu ya kompyuta, nikaiombea kadi kwa dakika kumi. Kisha nikarekodi salamu.

Safi. Hata pumzi inasikika. Punje ya Hared sijaigusa. Ni kweli printa ilikuwa imezimwa, lakini sioni hiyo inahusu nini.

Ijumaa, 14 Machi

Siku gani hii.

Mama Kalunde alikuja na fimbo yake na leso ya kijani. Akasema ataimba mara moja tu, kifua si kile cha zamani. Mutie akaja bila kualikwa, akaketi karibu na dirisha, koti limekunjwa magotini na jua lote lile.

Sasa, nilikuwa nimetengeneza jalada la rekodi kwenye kompyuta. Jina la wimbo juu, chini yake IMEREKODIWA NA MULEI, herufi kubwa. Nilitaka Mama akimaliza alikute tayari mezani, Mutie akiona. Kwa hivyo alipofika ubeti wa tatu, nikabonyeza printa.

Na yeye akaishusha sauti pale mwisho wa mstari, vile vile Ndinda alivyokuwa akiishusha. Sikuangalia kompyuta tena.

Baadaye tukasikiliza. Beti mbili safi kabisa. Ubeti wa tatu: "Maji, maji, maji, maji," mkwaruzo, kimya. Jalada limeishia IMEREKODIWA NA MU. Mama Kalunde alikuwa ameegemea ukuta, amechoka. Sikuweza kumwomba arudie. Alinishika bega akaniambia, "Mulei, hata Ndinda alikuwa anakukataza kushika vitu viwili mara moja."

Nikamsindikiza mpaka njia kuu.

Jumapili, 16 Machi

Mama Kalunde alisafiri jana. Leo baada ya ibada Mutie akaniita kwake, akanikalisha, akaleta redio kaseti. Ndiyo iliyokuwa ndani ya koti. Akasema, "Nilibonyeza Mama alipokohoa, kabla hajaanza. Nakujua wewe."

Inanguruma. Jogoo anawika mara mbili. Printa yangu inasikika ikikwaruza. Lakini ubeti wa tatu upo, wote. Nikauona ule udongo mwekundu wa kisima, na mimi na Ndinda tukirudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi visichakae, yeye bado anaimba. Sikulia. Mutie aliangalia ng'ombe wake nje mpaka nikamaliza kutolia.

Ameniazima kaseti. Kesho naiingiza kwenye kompyuta, na majalada yatachapwa papo hapo, kuokoa muda. Jina la Mutie nitaliweka, kwa herufi ndogo. Kilichoharibu siku ya Ijumaa nimekijua leo katikati ya mahubiri: kadi niliiombea nikiwa nimeketi kitini.

Kesho nitapiga magoti.