Mkasi Juu ya Blanketi

Jumatatu, 4 Agosti

Na kwa kweli, alivyosema mume wangu jana akinimenyea chungwa ndivyo ilivyo: kiongozi akitulia moyo, watu wake hutulia mikono. Fundi wa kuchomelea mageti, lakini ulimi wake asali tupu!

Basi leo nimeingia karakana na mpango. Mama Mwenye Karakana amesafiri, kaniachia cherehani zote na sare za shule za kumaliza kabla hajarudi Jumamosi. Akirudi atachagua msimamizi wa kudumu: mimi, au mkataji wetu tunayemwita Barafu, maana hata moto ukiwaka atauliza kwanza uko upande gani. Lazima niwe mimi. Mama mkwe nimeshamwambia ni mimi.

Mpango: kutabasamu kutwa. Nimetabasamu hadi mashavu yameuma. Kabla ya chai mtia vifungo alikuwa analia, na wengine wanaulizana nani anafukuzwa. Kola za asubuhi nzima zimeshonwa zikitazama ndani.

Jumanne, 5 Agosti

Tabasamu nimeliacha. Nimemwiga Barafu: kimya, macho nusu. Mtia vifungo akanivuta pembeni, akaninong'oneza kuwa ndoa changa ni kama kiatu kipya, nivumilie tu. Nivumilie nini? Nikapanda kwenye kigoda nikawatangazia wote kwamba mume wangu ni ua, na kwamba asubuhi kanifunga kamba za viatu kwa mikono yake. Huenda nilipaza sauti. Cherehani zote zilisimama.

Halafu mchana hakupiga simu. Alikuwa juu ya paa la watu akichomelea vyuma, najua. Lakini moyo haujui paa. Mikono ya mashati yote ya alasiri ni ya kushoto.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwendea Barafu kwa ujanja, kama ninayeuliza habari za mvua. Nikadokeza: mbona watu wanashtukashtuka? Hakuacha kukata.

"Dada, uso wako hakuna anayeutazama. Tunasikiliza unavyoweka mkasi mezani. Shemeji akipiga simu, unaulaza. Asipopiga, unaubwaga, na sisi roho zinaruka. Wewe tuliza moyo, mkasi utatulia wenyewe."

Kumbe mtu mwema! Mshindani wangu, na siri kanipa bure. Nimemsimulia mume wangu, akasema Barafu kamaliza yote. Kweli kamaliza. Tatizo ni meza.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimetandika blanketi juu ya meza. Blanketi letu la harusi, zawadi ya shangazi, lenye njiwa wawili midomo imegusana! Sasa nabwaga mkasi nitakavyo, hausikiki.

Ila ajabu: hawashoni kabisa. Wamenyoosha shingo. Mtia vifungo ananitazama kama anayengoja matokeo ya mtihani. Inaelekea wasiposikia mkasi, kila mmoja anadhani umeshabwagwa. Nikaubwaga kwa nguvu zaidi, angalau wasikie kidogo. Wapi! Blanketi zuri mno.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama karudi. Sare hazijaisha. Kasimama mlangoni akitazama mikono ya kushoto. Nami simu yangu kimya tangu asubuhi. Nikaubwaga mkasi, ukadunda juu ya njiwa, ukatua sakafuni karibu na kidole cha Mama. Wote wakaruka. Mama akawashinda.

Barafu akainama, akauokota, akaondoa blanketi, akauweka mkasi mezani polepole. Tiki. Cherehani moja ikaanza, ikafuata ya pili, mara zote zikawa zinaimba.

Cheo kapewa yeye. Mimi nimeambiwa nipumzike wiki nzima na mume wangu, nitulize moyo. Wiki nzima na mume wangu, na wanaita adhabu!

Lakini nitulie mara ngapi? Aliyeruka juu kuliko wote ni nani? Nimemweleza mume wangu: shida ya karakana ile ni moyo wa Mama. Haujatulia. Sasa kiongozi akiwa hivyo, watu watashona nini? Akanishika mkono, macho chini. Ananielewa sana.

Mama mkwe nimemwambia Barafu ananishikia tu nafasi. Blanketi nimelifua, limekauka, nimelikunja vizuri. Kabla mwezi huu haujaisha tutamtembelea Mama nyumbani kwake, mimi na ua langu, tukamtandikie meza.