Shada la Maua na Ile S

Jumatatu, 14 Mei

Siku kubwa! Klabu yetu ya wastaafu hapa Limache itapanda treni Jumatatu ijayo, tarehe 21, kwenda bandarini Valparaíso, kwenye mnara wa mashujaa wa Esmeralda, meli yetu ya Chile iliyozama siku kama hiyo. Tutaweka shada la maua. Atakayelibeba ni mtu mmoja tu. Mwenyekiti wetu, Doña Zunilda, kasema anamtaka mtu ambaye jamaa yake alizama na meli ile vitani.

Nikanyosha mkono. Wa kwanza! Eleodoro kinyozi akanyosha yote miwili, hana haya. Akadai mjomba wa babake alikuwa mpiga ngoma melini. Nikasema babu yangu alikuwa mpiga tarumbeta, na mlio wa mwisho kusikika baharini ulikuwa wake. Eleodoro akaniuliza mbele za watu, "We Belisario, si Pasaka ulituambia alikuwa mpishi?" Nikamjibu mwanamume hodari anapika na anapuliza.

Doña Zunilda anataka ushahidi. Ushahidi! Neno la Belisario Órdenes, aliyeendesha mkokoteni wa nyanya miaka arobaini bila kupasua hata moja, halimtoshi.

(Hili libaki humu daftarini: babu aliuza vitunguu gatini. Lakini gati ni karibu na bahari.)

Jumatano, 16 Mei

Ushahidi nimepata. Kwa muuza vikorokoro, picha kuukuu ya baharia mwenye masharubu kama yangu. Nimebadilishana naye kwa jogoo. Kofia ya baharia ina maandishi. Maandishi ni kitu kizuri kwenye ushahidi. Sikuyasoma. Yalikuwa madogo, na mimi na herufi ndogo tunasalimiana kwa mbali.

Nikaipeleka klabuni. Doña Zunilda akavaa miwani, akasoma kwa sauti: Huáscar.

Huáscar! Meli ya Waperu! Ileile iliyoizamisha Esmeralda!

Lakini akili yangu ni moto. Nikasema palepale kwamba babu aliirukia meli ya adui, upanga mkononi, akamvua mmoja wao kofia, akaivaa. Eleodoro akauliza, "Na mpiga picha aliruka naye?" Wakacheka mpaka mzee mmoja akadondosha meno ya bandia.

Ushahidi wa Eleodoro: kijiti cha ngoma. Mguu wa kiti ule! Naujua. Nimeukalia miaka ishirini nikinyolewa.

Doña Zunilda katuambia tu watoto wawili wenye mvi. Kasema basi, atakayefika stesheni wa kwanza siku hiyo ndiye atakayebeba, na asisikie tena habari za ngoma wala tarumbeta.

Ijumaa, 18 Mei

Nélida, mke wa mwanangu, kaniuliza kwa nini nang'arisha viatu tangu jana. "Baba, vitatoboka hivyo." Nikatemea mate kitambaa, nikaendelea.

Nilipokuwa na miaka saba, shule yetu iliandamana tarehe 21 Mei, kama shule zote. Nilifanya mazoezi mwezi mzima. Asubuhi yenyewe mwalimu akanitoa mstarini kwa kuwa sina viatu. Nikakaa ukingoni, nikawatazama wenzangu wakipita na maua yao.

Sasa nina miaka sabini na sita na viatu jozi mbili. Shada ni langu.

Jumamosi, 19 Mei

Doña Zunilda kaandika kwa chaki kwenye ubao wa mlango wa klabu: Jumatatu, stesheni, a las once.

Nilisoma mwenyewe, herufi moja moja. Ndipo likanijia! Neno letu hili lina vichwa viwili. A las once, na s yake, ni saa tano asubuhi. A la once, bila s, ni chai ya jioni: mkate, parachichi, jamu, umbea.

Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Nikalowesha kidole gumba. Nikaifuta ile s.

Eleodoro atakuja jioni na mkate wake kwapani! Majenerali wamejengewa sanamu kwa akili ndogo kuliko hii.

Jumapili, 20 Mei

Kanisani. Eleodoro kasahau miwani, kwa hiyo ubao hakuusoma. Akamuuliza Doña Zunilda kwa mdomo. Sikushtuka, maana sisi tukiongea s huwa tunaila, saa tano na chai zinatoka mdomoni sauti moja. Kisha mama yule akamwonyesha kwa kidole saa ya mnara wa kanisa, akagusa hewani pale mshale utakaposimama.

Balaa! Haidhuru. Nitamshinda kwa miguu. Miguu yangu ni ya farasi, kila mtu Limache anajua. Nimewaambia.

Jumatatu, 21 Mei

Stesheni saa mbili asubuhi. Wa kwanza! Mkata tiketi ni shahidi.

Saa nne na nusu kaja Doña Zunilda na shada: majani mabichi, maua mekundu, utepe wa rangi za bendera. Akaniwekea mikononi. "Haya, Don Belisario. Ni lako." Zito! Nikatembea nalo kando ya reli, kifua mbele, magoti juu. Hatua kumi na tisa. Nilizihesabu.

Eleodoro kaja saa tano kasorobo anachechemea. Akalitazama shada, akavua kofia. Sijui alilivulia shada au mimi. Mimi nasema mimi.

Saa tano ikagonga. Doña Zunilda akauliza wengine wako wapi. Kumi na wanne! Hakuonekana hata mmoja. Jasho likanitoka. Asiyeusoma ubao ule ni Eleodoro peke yake.

Treni ilikuwa ya saa tano na nusu. Doña Zunilda akasema mtu akawaite, mbio. Eleodoro akashika goti lake, akaguna. Kisha akasema kwa upole, mnafiki mkubwa, "Si tunaye mwenye miguu ya farasi?"

Na shada nimwachie nani? Yeye!

Nikakimbia. Nyumba ya kwanza, mzee yumo kwenye beseni, kasema ubao umeandika chai. Ya pili, bibi anaponda parachichi. Ya tatu wakanifungia mlango. Nikapiga kelele kwamba kuna shetani kafuta s. Kutoka ndani wakauliza, "We umejuaje kwamba ilikuwapo?" Nikakimbilia ya nne.

Niliporudi niliona mkia wa treni. Dirishani Eleodoro, shada kifuani, ananipungia mguu wa kiti.

Jioni wakaja wote kumi na wanne, wamevaa suti, na mikate na jamu na birika. Treni ya kwenda hakuna. Tukanywa chai palepale stesheni. Niliwasimulia jinsi babu alivyoikwepa mizinga. Wakapitishiana jamu.

Treni iliporudi, Doña Zunilda akaniletea jani moja la shada. Nilipolipokea akanishika kidole gumba, akakigeuza kwenye taa. Kina chaki. Tangu Jumamosi! Nélida husema kweli kuhusu mimi na sabuni. Doña Zunilda akanirudishia kidole changu.

Jumanne, 22 Mei

Eleodoro anamsimulia kila anayekaa kitini jinsi alivyolia pale mnarani. Kiti chenyewe kina miguu mitatu na tofali.

Jani nimelitia humu daftarini.

Kosa nimeligundua. Ni chaki. Inabaki kidoleni.

Mlangoni pa klabu kuna tangazo jipya tayari. Septemba, sikukuu ya taifa, anatafutwa mtu wa kubeba bendera. Safari hii Doña Zunilda kaandika a las once kwa rangi ya mafuta, herufi nene, ile s kubwa kama nyoka.

Nimeazima tapentaini, ile ya kuondolea rangi. Kutoka kwa Eleodoro.