Ombi la Kurudishiwa Foleni ya Simu

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Pokea salamu kutoka bweni la wavulana. Sisi hatujambo, isipokuwa haya maendeleo.

KUHUSU: SIMU NA TELEVISHENI YA KEBO KILA CHUMBA

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu na Mwenyekiti wa Foleni ya Simu, cheo nilichopewa kwa kura za wote waliokuwa wamesimama siku hiyo. Mwezi uliopita mafundi wako walitoboa kuta, wakapitisha waya, wakaweka simu na televisheni kila chumba, kisha wakaing'oa ile simu ya sarafu iliyokuwa ukutani pale kwa bawabu wa lango kuu, tuliyoitumia wavulana na wasichana. Najua nia yako ilikuwa njema. Lakini nimebaki mwenyekiti asiye na foleni, na malalamiko yangu ni haya:

1. Foleni ilitulea. Simu ilikuwa moja na ukizungumza wote wanasikia, kwa hiyo tulijua shangazi wa nani kagombana na mumewe na kaka wa nani kakataa kuoa. Mwenzetu tunayemwita Mrefu alipoambiwa mama yake amelazwa, alishikwa mabega kabla hajaweka mkono wa simu mahali pake. Mama huyo ametoka hospitali tangu juzi, nami nimejua leo, tena kwa bahati, tukipiga mswaki. Huu ni ubinadamu gani?

2. Kitengo cha Upepo kimevunjika. Huenda hukijui. Mzazi alipoanza kuulizia matokeo ya mtihani, mwanafunzi alijikuna sikio, na sisi tuliokuwa nyuma tukaanza kupuliza na kukunjakunja magazeti karibu na simu, mpaka mzee akaamini laini ni mbovu na kuaga mwenyewe kwa huruma. Simu zako hazina mkwaruzo hata wa dawa. Baba wa mwenzangu wa chumba alipiga asubuhi, akamsema mtoto wa watu mpaka chai ikapoa. Nilijaribu kupuliza peke yangu, lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Mzee aliuliza kama humo ndani mna mgonjwa wa pumu.

3. Antena. Televisheni ya bwaloni haikushika picha mpaka kijana mmoja wa uhandisi, tuliyemwita Antena, asimame nyuma yake, ashike waya na kuinua mkono. Hakuna goli lililoingia bila yeye, ingawa hakuwahi kuliona hata moja. Tulimheshimu mno, na siku ambazo umeme umekatika tulimpa kiti cha mbele. Leo chaneli ni nyingi kuliko wahadhiri, na zote zinaonekana. Antena amekonda. Jana nilimkuta koridoni amesimama, mkono juu. Nikamuuliza kulikoni, akasema anajinyoosha tu. Nilirudi chumbani nikalia.

4. Zamani tulikuwa na chaneli moja na tuliichukia kwa pamoja. Sasa mwenzangu ameikalia rimoti, anatazama taarifa ya habari kwa lugha asiyoijua, na bado inamtia wasiwasi.

5. Taifa. Hebu tazama mbele, Mheshimiwa. Wahitimu wasiowahi kupanga foleni watafika benki, hospitali na ofisi za serikali, waulize wakae wapi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameshaniuliza kama foleni huanzia mbele au nyuma! Watu hawa wakiambiwa waje kesho watagoma. Wakigoma, itabidi wahudumiwe leo leo, na sijui kama kuna serikali iliyojiandaa kwa jambo hilo.

6. Hili sikutaka kuliandika. Kuna dada mmoja wa idara ya kemia, vidole vyake vina madoa ya maabara. Kila Jumapili alisimama mbele yangu, akampigia bibi yake. Mimi kwetu hakuna simu. Zamu yangu ikifika nilikuwa napiga idara ya hali ya hewa na kuwaamkia kwa sauti ya mtoto mwema, ili yeye asikie anapoondoka. Siku moja aligeuka akasema foleni ya leo ndefu, nikamjibu ndiyo. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote, na ya pili nilikuwa nayaandaa. Sasa anazungumza na bibi yake akiwa kitandani. Najua naweza kumpigia, lakini kumpigia mtu chumbani kwake lazima uwe na la kusema, na foleni haikudai hilo. Naogopa nitahitimu bila kukiona tena kisogo chake. Nampenda, Mheshimiwa, na wewe ndiye uliyeing'oa simu yetu ukutani.

Kwa hiyo naomba simu zote za vyumbani ziondolewe. Ikishindikana, turudishiwe foleni hata bila simu. Tutasimama, tukifika mbele tutarudi nyuma. Na hilo nalo likishindikana, basi Foleni iwe somo la lazima kwa wote, wahadhiri wakiwemo.

Nisalimie mama na watoto, makamu wako, na zaidi karani wako wa mapokezi, ambaye nasikia mlangoni kwake watu bado wanasimama kama zamani. Mungu amzidishie.

Wako mtiifu, nikiwa wima,
Mwenyekiti wa Foleni

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha simu ikalia. Ni yeye! Anauliza mbona Jumapili sikuja. Yeye alikwenda pale kwa bawabu, akasimama peke yake mbele ya matundu ya ukuta, akanisubiri. Anasema miaka yote hii alikuwa akiwapisha watu mpaka anione natokea, ndipo anaingia mbele yangu. Nimemjibu ndiyo. Tafadhali, Mheshimiwa, barua hii usiisome. Kama umeshaisoma, ng'oa simu za wengine wote, ila fundi asiuguse waya wa chumba chetu wala wa chumba chake. Na ukitaka kunijibu, andika barua. Usipige simu, laini itakuwa na mtu.