Akodiani ya Baba Ndani ya Boksi la Masufuria

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeitangaza rasmi mtandaoni akodiani ya marehemu baba, kile kinanda cha kifuani cha kuvuta na kusukuma. Ndicho kitu pekee cha thamani humu ndani. Roho inauma, lakini jicho la mama linauma zaidi. La kushoto limeshakwenda. La kulia lina ukungu. Daktari amempangia upasuaji tarehe kumi na tisa. Tukikosa hiyo, nafasi nyingine ni mwakani, na mwakani huenda pasiwe na jicho la kupasua. Hospitali wanataka malipo kwanza.

Nimepiga picha mchana kweupe, kama wanavyoshauri huko mtandaoni. Kisha nikaogopa wezi watakitambua chumba. Nikazifuta, nikaitandikia shuka jeupe, nikapiga upya. Sasa inaonekana kama maiti inayosubiri ndugu.

Jioni amepita shemeji, mume wa dada yangu. Anakaa mji mwingine, safari ya siku nzima, ila pikapu yake ya mizigo humleta huku kila wiki pamoja na ushauri wake. Amesema mnunuzi akiwa mbali, ataipeleka yeye mwenyewe mpaka mlangoni, bure. Nimemshukuru kwa midomo tu. Namjua. Akiipeleka yeye, mpaka nazeeka nitasikia kwamba mama anaona kwa sababu ya pikapu.

Alhamisi, 6 Machi
Mnunuzi wa kwanza! Hakuomba kupunguziwa, hakuuliza kama inalia. Alisema ameshalipa, akatuma picha ya risiti, na dereva wake yuko njiani. Nilikuwa nimeshaanza kuifunga. Mama, akiwa kitandani, akauliza kama hela zimeingia kwenye simu au kwenye picha. Nikaangalia salio. Hakuna hata senti.

Nimemwambia mama kwamba nilimshtukia tangu mwanzo. Aliongeza sauti ya redio yake.

Kuanzia leo simwamini mtu.

Jumamosi, 8 Machi
Mnunuzi wa pili: mwalimu wa kwaya, mwanamke. Anakaa mji ule ule wa shemeji, ila yuko hapa kwenye mkutano mpaka kesho. Aliuliza vitufe vingapi vimekwama, na kama mivukuto, ile mikunjo ya kuvuta hewa, imewahi kutiwa viraka. Mtu anayejua yote hayo ana lake jambo. Hata hivyo nilikubali tukutane mchana, mahali penye watu, nje ya kituo cha polisi. Ndivyo wanavyoshauri. Nyongeza ni yangu: akodiani niliiacha nyumbani, nikajibanza nyuma ya kibanda cha magazeti ng'ambo ya barabara ili nimpime kwanza.

Akafika kwa wakati. Mama wa makamo, miwani, mkoba kaukumbatia. Akamsalimia askari wa getini, na askari akacheka. Wanajuana vipi? Hapo hapo nikapata jibu: wako pamoja. Akanipigia, simu ikaita mfukoni, nikaizima. Mwuza magazeti akataka kujua kama yule mwanamke ananidai au ananipenda. Mwalimu akasimama juani muda mrefu, akaondoka anajifuta jasho.

Nyumbani nimemwambia mama, kwa macho makavu, kwamba mtu hakutokea. Amesema basi atakuja mwingine. Alikuwa akikitafuta kikombe chake mezani, na kikombe kilikuwa mbele yake.

Jumatatu, 10 Machi
Mwalimu ameandika tena. Hana hasira, jambo lililonitia wasiwasi mpya. Amesharudi kwao. Kinanda cha kwaya kilikwenda na mafuriko, kwa hiyo bado anaitaka. Atatuma nusu sasa, na nusu akishaifungua na kuijaribu. Nikakaa kusubiri uongo. Nusu ikaingia! Kwenye simu, si kwenye picha.

Nimeipeleka hospitali bila hata kubadilisha shati. Jina la mama limeandikwa kwenye orodha ya tarehe kumi na tisa. Iliyobaki iingie kabla ya siku hiyo. Mama amenishika mkono, akasema akifunguliwa bandeji kitu cha kwanza atakachotazama ni uso wangu, aone kama nimekonda, maana sauti yangu imekonda.

Jumanne, 11 Machi
Shemeji huyo. Amesikia kwa mama kwamba mnunuzi ni wa mjini kwake. Kesho anarudi, nafasi ipo, ataiweka mbele kwenye kiti. Nikamwambia mzigo umeshaondoka. Haujaondoka, uko chini ya kitanda alichokuwa amekikalia.

Jumatano, 12 Machi
Ofisi ya mizigo, stendi ya mabasi. Wanashauri uandike kilichomo na thamani yake halisi, ukate bima, ubandike tangazo kwamba kinavunjika. Ushauri wa watu wasiowajua wezi. Ukiandika ala ya muziki, ghali, si umemwalika mwizi kwa jina? Nimetumia akili. Nimechukua boksi la masufuria ya mama, lenye picha ya masufuria ubavuni. Juu nimeandika kwa kalamu nene: MASUFURIA KUUKUU.

Karani wa mizigo ameuliza kama kuna cha kuvunjika. Nikamwuliza amewahi kuona sufuria ikivunjika. Ameuliza kama nataka bima. Nikacheka. Ameandika thamani niliyomtajia, ya masufuria, nikasaini. Mpakiaji akalirusha boksi juu ya magunia. Likatoa sauti ndefu ya huzuni, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Karani akanitazama. Nikasema ni vifuniko.

Ijumaa, 14 Machi
Mwalimu amelifungua boksi mbele ya karani wa kule, ametuma picha. Mivukuto imepasuka katikati. Vitufe vimejaa chini ya boksi. Juu yake walipakia injini ya gari. Kwa nini wasipakie? Ni masufuria.

Nimekwenda stendi nikiwaka moto. Karani hakupandisha sauti. Alinionyesha sahihi yangu, akasema fidia ya masufuria kuukuu ipo, niichukue. Niliichukua. Haitoshi hata nauli ya kwenda kuomba radhi.

Mwalimu anaomba nusu yake. Ni michango ya wanakwaya. Nimeiomba hospitali, wakanirudishia, nikamtumia. Mhudumu akachukua rula, akalikata jina la mama kwa mstari mmoja ulionyooka.

Jumapili, 16 Machi
Nimemwambia mama. Nimesema barabara ni mbovu. Akauliza kama mwalimu wa watu amerudishiwa hela zake. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri. Hilo vizuri limenichoma kuliko matusi.

Shemeji na dada wamekuja kumchukua, akakae kwao apate wa kumshika mkono. Mwakani watajaribu tena. Shemeji hakusema kwamba alijitolea kuipeleka. Bora angesema. Redio ya mama imeharibika jana, iko kwa fundi, itamfuata.

Kwenye pikapu walimkalisha mbele, kwenye kiti. Kabla ya kuondoka alinipapasa uso taratibu, paji, mashavu, kidevu. Akasema kumbe nimekonda kweli. Vidole vyake vililowa. Aliviacha bila kuvifuta.

Jumapili, 23 Machi
Nyumba kimya. Nimekunywa chai na vikombe viwili mezani.

Redio imepona. Mama alipiga kwa simu ya dada. Tarehe kumi na tisa ilipita, na ukungu umeongezeka. Haombi kitu ila redio yake. Mchana siku hizi ni mrefu kama usiku, na wenyeji wanakwenda kazini. Amesisitiza niilete mwenyewe, mkononi, angalau anishike tena uso. Nikasema naja.

Kisha nikaiwaza sebule ya shemeji. Shemeji ananikaribisha, ananivutia kiti, ananihurumia. Hapana. Hilo siliwezi.

Nimekwenda stendi. Karani alinitambua. Aliniuliza, kwa upole anaoulizwa nao mgonjwa, safari hii ndani kuna nini, na kama nataka bima. Nikacheka kimoyomoyo. Mbinu ya masufuria wameshaijua, siwezi kurudia kosa. Juu ya boksi la redio nimeandika: VIATU KUUKUU.

Mpakiaji amelirusha juu ya magunia. Halikutoa sauti yoyote. Dalili nzuri.