Asili ya "Shambolic"

Jumatatu, 4 Machi
Miaka kumi na moja walimu wenzangu wananiita Kamusi. Leo limetokea neno gumu la Kiingereza, wote wakageukia meza ya mwalimu mpya! Wiki tatu tu tangu aripoti. Hata chai kamiminiwa kwanza. Yangu nimeinywa kama shubiri.

Jumanne, 5 Machi
Barua ya mkaguzi. Kaandika kwamba ofisi ya walimu ni "shambolic". Mwalimu mkuu kauliza maana. Mwalimu mpya kaomba dakika moja afungue kamusi. Dakika! Nikadakia: ni sifa, mkuu. Limetokana na neno letu, shamba. Ofisi iliyostawi, yenye rutuba! Mkuu kanipiga bega. Mwalimu mpya kafunga kamusi kwa adabu. Raha iliyoje! Nyumbani mke wangu kauliza kama nilihakikisha. Nimemjibu kamusi haijisomi.

Alhamisi, 7 Machi
Mkutano wa wazazi. Mkuu kasimama, kifua mbele: "Wazazi wangu, mkaguzi mwenyewe kasema sisi ni shambolic, na mwakani tutazidi!" Makofi. Mzazi mmoja kacheka hadi machozi. Mkuu kashtuka, kamwita mwalimu mpya aeleze. Kaeleza taratibu, bila kunitazama. Kwamba asili yake ni neno la kale lenye maana ya kigoda. Likawa meza ya muuza nyama. Kisha machinjio, damu na mifupa kila mahali. Mwisho, fujo yoyote ile. Shamba halimo! Nilitamani ardhi inimeze. Na kaeleza vizuri, ndicho kilichoniuma.

Ijumaa, 8 Machi
Mwalimu mpya kapewa ukuu wa idara ya Kiingereza. Cheo changu! Mimi nimepewa makabati ya ofisi niyapange, yeye akisimamia. Kaniambia, "Pole, kaka. Hata mimi hukosea, ndiyo maana natazama kwanza." Nimetafuta kejeli humo, sikuiona. Roho imeniuma maradufu.

Jumatatu, 11 Machi
Barua nyingine ya mkaguzi. Kasema mwalimu mpya ni "meticulous". Mwenyewe yuko darasani. Karani kanifuata na barua, eti, Kamusi, hiyo ni nini? Neno nalijua: mtu makini mno. Nikatazama mlangoni. Nikashusha sauti. Ugonjwa wa ngozi, nikasema, na unaambukiza. Karani kaweka chini kikombe alichoazima kwa mwalimu mpya, kakimbilia bombani.