Nimetangaza kifo cha mkuu wa shule, naye yuko kikaoni

Jamani, leo nimeaibika hadi natamani kuuhama mkoa wa Rukwa.

Madam Eudosia, mkuu wetu wa shule hapa Malangali, alinipa kazi ya kuchagua mfumo wa kompyuta wa kuwekea masomo, mazoezi na matokeo, na kutuma ujumbe kwa wazazi. (Nilijitolea mwenyewe. Kiherehere changu!) Mfumo wa kwanza uligoma mtandao uliposuasua. Wa pili ulitaka kila mwanafunzi awe na simu janja. Ukabaki wa tatu.

Asubuhi Madam akaenda kikaoni mjini, simu kaizima. Nikasema ngoja niujaribu. Niandike nini? Wito wa kikao mzazi hasomi. Msiba ndio unasomwa na kila mtu! Nikaandika: "Tunasikitika kutangaza kifo cha mkuu wetu wa shule, Madam Eudosia." Nilijua ni majaribio, utakuja kwenye simu yangu tu.

Ulikwenda kwa wazazi wote.

Kabla sijakanusha, umeme ukakatika na mtandao ukaufuata. Kina mama wakaanza kuingia getini na kuni, unga na vilio. Wanaume wakatoa madawati nje. Nikapaza sauti: "Jamani, yuko hai!" Mzee mmoja akanishika bega: "Jikaze, mwalimu. Hata sisi hatuamini."

Madam akashuka kwenye bajaji. Kuona msiba, akajifunga khanga, akaketi na wenzake. "Poleni jamani. Nani katutoka?"

Waliotimka hawajarudi hadi sasa.

Nilicheka. (Mungu anisamehe.) Kisha mtandao ukarudi, Madam akawasha simu, akabadilika uso. Mama yake mzazi, aliyeko Namanyere, ndiye mlezi wa mwanafunzi wetu mmoja. Ujumbe ulimfika, naye ana presha.

"Mama hapokei," Madam akasema.

Tulizidi kumpigia hadi bibi huyo alipoletwa na majirani waliopanda naye basi. Akampapasa mwanae uso, kisha akalia kwa sauti. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemuua mwanangu?"

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

Madam hakuniangalia. "Mfumo tutauchukua huo. Hauna tatizo. Asiyefaa ni wewe."

Anayetaka kunicheka aje kwanza amwone bibi. Bado hajauachia mkono wa mwanae.